Kitufe cha Kulia cha Mchoraji wa Texas

Mchoraji wa mabomba anayetoka Houston kwenda kufanya kazi ya barabara Dallas mara nyingi hubadilisha programu, na pamoja na programu hubadilika maana ya kitufe cha kulia cha kipanya. Kwenye AutoCAD, ukiwa umetoa amri ya kufuta na kuchagua vitu vyako, kubonyeza kulia ni kusema: ndiyo, nimemaliza kuchagua, futa. Kwenye MicroStation kubonyeza kulia ni kusema: hapana, si hiki, nionyeshe kinachofuata. Mkono ni uleule na kipanya ni kilekile, lakini jibu ni kinyume. Vijana wetu wengi wanaofika Texas wakiwa wamefundishwa AutoCAD Dar es Salaam au Nairobi huambiwa mapema kwamba watajifunza programu ya pili. Ni nadra kuambiwa kwamba watajifunza kidole cha pili.

Mgawanyo huu una sababu yake. Idara ya Uchukuzi ya Texas, TxDOT, kwa miaka mingi imetumia MicroStation ya kampuni ya Bentley pamoja na programu ya GEOPAK kwa michoro ya barabara kuu, kisha ikahamia OpenRoads Designer, ambayo nayo imejengwa juu ya MicroStation. Anayetaka kuchora barabara na madaraja ya jimbo hili hana budi kuifahamu familia hiyo. Dallas na viunga vyake vina kazi kubwa za namna hiyo: makutano ya High Five, yenye ngazi tano za barabara zilizopandana, yalikamilika mwaka 2005, na kampuni za uhandisi za Jacobs na AECOM zimehamishia makao yake makuu jijini humo. Houston mkate wake ni mafuta. Kando ya mfereji wa meli, kuanzia Pasadena hadi Deer Park na Baytown, kumejaa mitambo ya kusafisha mafuta na kutengeneza kemikali, na michoro yake mingi ya mabomba huchorwa kwa AutoCAD au programu zilizotokana nayo. Hakuna ukuta kati ya miji hiyo miwili, bila shaka. TxDOT ina ofisi Houston, na waliowahi kuchora mitambo kwa programu ya PDS ya Intergraph walikuwa wakifanya kazi juu ya MicroStation bila kukanyaga barabara yoyote.

Nianze na AutoCAD, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi na ndiyo yenye mkanganyiko zaidi. Mwanafunzi hushangaa kuona kitufe cha kulia kikifanya mambo tofauti saa hiyohiyo. Akifuta, kubonyeza kulia kunakamilisha amri. Akichora mstari, kubonyeza kulia kunafungua menyu ndogo, na lazima achague Enter ndani yake. Hudhani kompyuta ina hitilafu. Haina. Kuna kigezo cha mfumo kiitwacho SHORTCUTMENU, na thamani yake programu inapotoka kiwandani ni 11. Namba hiyo ni jumla: 1 huruhusu menyu pale ambapo hakuna amri inayoendelea wala kitu kilichochaguliwa, 2 huiruhusu pale vitu vimeshachaguliwa, 8 huiruhusu katikati ya amri, lakini tu ikiwa amri hiyo ina machaguo ya kutoa. Amri ya LINE ina machaguo, kwa hiyo menyu inafunguka. Hatua ya kuchagua vitu vya kufuta haina machaguo ya kuonyesha, kwa hiyo kitufe kinakuwa Enter. Ukishajua hesabu hii, kile kilichoonekana kigeugeu kinaeleweka.

Menyu hizi zinazochomoza penye kielekezi ziliingia na AutoCAD 2000, toleo lililotoka mwaka 1999. Kabla ya hapo, hadi Toleo la 14, kitufe cha kulia kilikuwa Enter tupu. Wachoraji wa zama hizo hawakupenda mabadiliko, na Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD, iliwaachia mlango: ukiandika SHORTCUTMENU na kuipa 0, menyu zote zinazimika na kitufe kinarudi kuwa Enter. Bado wapo wanaofanya hivyo siku ya kwanza kwenye kila kompyuta mpya, na siwalaumu. Wanajua kasi yao inatoka wapi.

Kuna sababu ya kisayansi ya kulijali jambo hili. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts wa Marekani alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha huongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na kadiri inavyokuwa ndogo. Kitufe kilicho juu kabisa ya skrini pana ni kidogo na kiko mbali. Mahali kielekezi kilipo sasa hivi, umbali ni sifuri. Mchoraji hukamilisha amri mara nyingi mno kwa siku, na kila akipandisha kielekezi juu kisha kukirudisha kwenye mchoro, macho yake hupoteza pale yalipokuwa. Muda si hasara pekee. Mawazo nayo hukatika, na kwenye mchoro wa mabomba uliosongamana ni rahisi kurudi ukashika bomba la jirani.

Kwa hiyo napendekeza njia ya tatu, ambayo haizimi menyu wala haiziachi zitawale. Andika OPTIONS, fungua ukurasa wa User Preferences, bonyeza Right-click Customization, halafu weka alama kwenye chaguo la kwanza kabisa, lile linalopima muda. Tangu hapo kubonyeza kulia kwa haraka ni Enter. Kubonyeza na kushikilia kidogo ni menyu. Mpaka kati ya haraka na taratibu ni milisekunde 250, yaani robo ya sekunde, na unaweza kuubadilisha hapohapo. Mwenye vidole vizito au mwenye maumivu ya kifundo cha mkono auongeze. Siku za mwanzo menyu itakufungukia bila kuitaka, halafu mkono utazoea. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kimoja chenye faida kubwa kuliko vyote katika programu nzima, na inanisikitisha kwamba programu huja kikiwa kimezimwa.

Kipimo hiki kina faida nyingine kwa anayekwenda na kurudi kati ya programu mbili. MicroStation ina vitendo vitatu vya kipanya: kukubali nukta, kwa kitufe cha kushoto, kukataa au kuacha, kwa kitufe cha kulia, na kunasa ncha kwa majaribio, ambako kwa mazoea ya zamani hubonyezwa vitufe vyote viwili kwa pamoja. Unapochora mistari iliyoungana, kitufe cha kulia ndicho kinachoikata na kukuacha huru kuanza mwingine. Ukiwa umeweka AutoCAD isome muda, kubonyeza kulia kwa haraka nako kunamaliza mstari. Angalau hapo mikono miwili inapatana. Tofauti inabaki katika kinachofuata: MicroStation hukuacha ndani ya zana ileile mpaka uchague nyingine, ilhali AutoCAD imeshatoka kwenye amri, na ukibonyeza kulia tena inairudia. Na kwenye kuchagua vitu hakuna mapatano kabisa. Palipo na mistari iliyolaliana, MicroStation hutumia kitufe cha kulia kukupitisha kutoka kitu kimoja hadi kingine mpaka ukifikie unachokitaka. Ukileta mkono huo kwenye AutoCAD katikati ya amri ya kufuta, umefuta.

Je, ubadilishe vitufe vya MicroStation vifanane na vya AutoCAD? Inawezekana; programu inakuruhusu kupanga upya kila kitendo kipewe kitufe gani. Nashauri usifanye. Kukataa kwa kitufe cha kulia kumesukwa ndani ya kila zana na kila ujumbe unaosoma chini ya skrini, na mwenzako akikaa kwenye kiti chako kukusaidia atachanganyikiwa. AutoCAD ndiyo inayopindika kwa urahisi. Pinda hiyo.

Gurudumu la katikati, kwenye AutoCAD, lina maneno machache. Kulizungusha hukuza au kupunguza mchoro, kulishikilia na kuvuta husogeza ukurasa, kulibonyeza mara mbili haraka huonyesha mchoro wote. Likiacha ghafla kusogeza na kuanza kufungua menyu, andika MBUTTONPAN na uipe 1. Likikuza kwa miruko mikubwa mno, punguza ZOOMFACTOR, ambayo huanza na 60. Ikiwa hayo hayakusaidia, tazama programu ya kipanya chenyewe ndani ya Windows. Huenda imelipora gurudumu kwa kazi nyingine.

Sasa menyu zenyewe. Tangu toleo la 2006, AutoCAD hupangwa kwa amri ya CUI, na tangu toleo la 2010 mpangilio wake hukaa kwenye faili lenye kiambishi cha cuix. Humo ndani kuna sehemu ya vitufe vya kipanya: kila kitufe, isipokuwa cha kushoto, kinaweza kupewa kazi yake peke yake, au kikishirikiana na Shift au Ctrl. Kipanya chenye vitufe vya pembeni ni hazina hapa. Chukua mfano wa mchoraji anayerudi kila mara kwenye leya ya mabomba iitwayo BOMBA kisha kuchora. Anaandika mstari huu mmoja na kuukabidhi kwa kitufe:

^C^C_-LAYER;_S;BOMBA;;_PLINE

Alama mbili za ^C hukatiza chochote kinachoendelea. Kistari cha chini huifanya amri ieleweke hata kwenye AutoCAD ya lugha nyingine, na kistari kilicho mbele ya LAYER huzuia kisanduku kikubwa kisifunguke. Kila nukta-mkato ni Enter moja. Leya lazima iwepo tayari kwenye mchoro, la sivyo amri inakwama njiani.

Usiyaandike haya ndani ya faili kuu la programu. Tengeneza faili lako dogo na ulipakie kwa CUILOAD, kwa sababu toleo jipya likisakinishwa faili kuu linakuja upya na kazi yako inabaki nyuma. Katika ofisi kubwa za Houston na Dallas utakuta pia faili la kampuni lililowekwa kwenye mtandao, ambalo unalisoma bila ruhusa ya kulibadili. Faili lako linakaa kando yake bila ugomvi, ila mwone kwanza msimamizi wa michoro, maana vipo viwango vya leya na vya maandishi ambavyo wateja wameviwekea masharti.

Tabia hizi za kipanya huhifadhiwa kwenye kompyuta, chini ya jina lako la mtumiaji. Mchoro hauzibebi. Ndiyo maana ukiufungua kwenye kompyuta ya jirani, kitufe cha kulia kinakuwa cha jirani. Kabla ya kuacha kazi au kupewa kompyuta mpya, rudi OPTIONS, ukurasa wa Profiles, utoe nakala ya wasifu wako kwa Export. Faili lake huishia na arg. Ongeza faili lako la cuix na lile la acad.pgp lenye majina mafupi ya amri, kama L kwa LINE na CO kwa COPY. Kwa kuwa kampuni nyingi hufunga milango ya flashi kwa usalama, omba ruhusa mapema ya kujitumia mafaili hayo matatu. Ukifika kwenye kiti kipya, leta wasifu kwa Import, pakia cuix, weka pgp mahali pake na uandike REINIT ili isomwe bila kuifunga programu. Kisha chora mstari mmoja, bonyeza kulia haraka, bonyeza tena ukishikilia, uone kama majibu ni yale unayoyajua kabla hujafungua mchoro wa mteja.