London hadi Paris: kwa nini kilomita 350 huchukua saa moja na robo

Ukipima mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia kutoka uwanja wa Heathrow, London, hadi Charles de Gaulle, Paris, utapata takribani kilomita 350. Ndege ya jeti ikishakaa sawa angani hupita kilomita 800 kwa saa. Ukigawanya, safari ni ya dakika 25 hivi. Tiketi husema saa moja na robo au zaidi kidogo, na tiketi ndiyo ya kuaminiwa.

Mashirika ya ndege huhesabu muda tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na kutua, hivyo kungoja zamu kumeshatiwa ndani ya ratiba. Tena ndege hupaa ikiukabili upepo, na upepo wa London aghalabu hutoka magharibi. Paris iko kusini-mashariki! Abiria huanza safari kwa kuipa Paris mgongo, ndipo ndege inapogeuka. Ikiwa bado chini ya mita 3,000, kwa kawaida haivuki kilomita 460 kwa saa. Na ikishapanda vya kutosha, muda si muda inaanza kushuka, kwa hiyo ile kasi kubwa haidumu. Wanaorudi London nao wanaweza kuzungushwa angani, katika mojawapo ya maeneo manne ya kungojea, hadi waongoza ndege wapate nafasi.

Tarehe 25 Agosti 1919 safari za kila siku za abiria kati ya miji hii zilipoanza, ndege ilikaa angani kama saa mbili na nusu. Leo hukaa chini ya saa moja. Lakini sehemu kubwa ya muda uliookolewa imemezwa na ukaguzi, foleni na barabara za kwenda viwanjani, kwani viwanja vyote viwili viko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji.

Saa za ukutani nazo huwachanganya wengi, kwani za Paris ziko saa moja mbele ya za London. Ukiondoka London saa 3:00 asubuhi kwa safari ya saa 1 na dakika 20, Paris utakuta ni saa 5:20. Ukiondoka Paris saa 3:00, London unashuka saa 3:20. Kwa jua, Paris imeitangulia London kwa dakika 10 hivi tu. Ile saa nzima ina historia yake: mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoiteka Paris, saa za mji zilisogezwa zifuate za Berlin, na baada ya vita Ufaransa ikabaki na mpangilio huo.

Kwa anayetoka katikati ya London kwenda katikati ya Paris, mimi nashauri treni. Eurostar hupita chini ya bahari na kumaliza kilomita 492 za reli kwa takribani saa 2 na dakika 20, kutoka St Pancras hadi Gare du Nord, na pasipoti hukaguliwa kabla ya kupanda. Ndege imfae anayeunganisha safari nyingine hapo hapo Charles de Gaulle.