Rejista ya saratani Saudi Arabia: nani huhesabiwa?

Mgonjwa anapogunduliwa kuwa na saratani mjini Jeddah kisha akahamishiwa Riyadh kwa matibabu, faili lake hufunguliwa katika hospitali mbili. Kwa watafiti, hata hivyo, ni lazima abakie mgonjwa mmoja, tena mkazi wa Jeddah. Kazi hiyo ya kuondoa majina yaliyojirudia ni miongoni mwa misingi ya Rejista ya Saratani ya Saudi Arabia, iliyoundwa mwaka 1992 na kuanza kuorodhesha wagonjwa wapya Januari 1, 1994.

Maafisa wake hupekua majalada ya hospitali na majibu ya maabara, wakiandika umri, makazi, uraia, kiungo kilichoathirika na hatua uliyofikia ugonjwa. Takwimu hizo zimefichua mambo ambayo hospitali moja pekee isingeyaona. Saratani ya kinywa, kwa mfano, imebainika kukithiri katika mkoa wa Jazan, kusini magharibi mwa nchi, ambako watu huweka mdomoni shamma, tumbaku inayofanana na ugoro.

Lakini takwimu zaweza pia kupotosha. Mwaka 2010, takriban nusu ya wanawake wa Kisaudia walioandikishwa kuwa na saratani ya matiti walikuwa hawajatimiza miaka 50. Aliye na pupa atadai kwamba ugonjwa huo huwawahi wanawake wa Kiarabu. Sehemu kubwa ya jibu ni nyepesi zaidi: nchini humo vijana ni wengi mno kuliko wazee. Ndiyo maana viwango husawazishwa kwa umri kabla ya nchi moja kulinganishwa na nyingine.

Mwaka huohuo waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 13,000, na karibu robo yao hawakuwa raia. Hao huorodheshwa, ila viwango vikuu hukokotolewa kwa raia. Sababu yaeleweka: wafanyakazi wa kigeni huja na kuondoka, na wengi wao walipimwa afya kabla ya kuajiriwa.

Mfanyakazi kutoka Mombasa au Kampala akiugua Jeddah na kurejea kwao kutibiwa, habari zake hukatikia uwanja wa ndege. Kampala ina rejista yake tangu mwaka 1951, na Nairobi tangu 2001, lakini akifariki huko, daftari la Riyadh laweza kuendelea kumwonyesha kana kwamba yu hai. Watafiti wanaopima muda ambao wagonjwa huishi baada ya matibabu hulazimika kuwashughulikia watu hao kando, la sivyo matokeo yataonekana mema kuliko hali halisi.