Robo tatu toa theluthi mbili

Wiki hii tukumbushane hesabu ambayo wengi wetu tuliiacha shuleni pamoja na kaptula: kutoa sehemu zenye asili tofauti. Asili ni ile namba ya chini, inayosema kitu kimegawanywa vipande vingapi. Ya juu ni kiasi, inayosema vimechukuliwa vingapi.

Tuseme mzee mmoja wa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ana robo tatu ya ekari ya kahawa na migomba. Karo zimembana, anataka kuuza theluthi mbili ya ekari. Atabakiwa na nini?

Mwenye haraka atatoa juu kwa juu na chini kwa chini: 3 toa 2 ni 1, 4 toa 3 ni 1. Moja juu ya moja, yaani ekari nzima! Mzee ameuza na shamba limekua. Muujiza huo haupo.

Kosa liko wapi? Robo na theluthi si vipande vya ukubwa mmoja. Huwezi kutoa madebe kwenye magunia kabla hujayapima yote kwa debe. Basi tafuta namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 4 na kwa 3, yaani kigawe kidogo cha shirika. Hiyo ni 12. Robo tatu ni 9 kati ya 12. Theluthi mbili ni 8 kati ya 12. Tisa toa nane, moja. Mzee anabakiwa na sehemu moja ya kumi na mbili ya ekari, kama hatua kubwa 20 kwa 20: nyumba, choo na migomba michache.

Kuna mtego wa pili. Theluthi mbili ya ekari si theluthi mbili ya shamba. Akiuza theluthi mbili ya shamba lake, ameuza nusu ekari na amebakiwa na robo, mara tatu ya kile cha kwanza. Tofauti ni neno moja tu kwenye hati.

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa thamani ya ardhi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea waliohamishwa Ngare Nanyuki mwaka 1951. Ingekuwa aibu ardhi kama hiyo ipotee kwa hesabu ya shule ya msingi.

Kwa hiyo, mzee wangu, kabla ya kuweka dole gumba, mwite mjukuu aje na daftari lake.