Marekani: Ganda la risasi hukaguliwa kabla ya kujazwa tena

Kule Marekani, wawindaji wengi hawatupi ganda la risasi baada ya kufyatua. Wanaliokota, wanarudi nalo nyumbani na kulitayarisha ili lijazwe tena. Kwao ni kazi ya kupitisha jioni, lakini ganda bovu linaweza kumuumiza mpigaji mwenyewe.

Risasi nzima ina vitu vine: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda peke yake ndilo linaweza kutumika tena. Limetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, madini ambayo watu wa Katanga wanayafahamu vizuri. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka na kuziba nafasi, gesi isirudi nyuma. Lakini kila mara linarefuka, na ukuta wake karibu na kitako unakuwa mwembamba.

Ndiyo maana kazi huanza na ukaguzi. Ganda husafishwa, lenye ufa hutupwa. Waya mwembamba uliopindwa ncha hupitishwa ndani. Ukikwama kwenye mfereji karibu na kitako, ganda hilo limekwisha. Lililo zima hurudishwa kwenye umbo lake, kisha hupimwa urefu. Kwa risasi ya .30-06, iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo wawindaji wanaitumia hadi leo, ganda halipaswi kupita milimita 63.35. Likizidi, hukatwa.

Ganda likikatika ndani ya bunduki, gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni. Mwenye haraka huokoa ganda moja, akapoteza jicho.