Kompyuta ya nyumbani ikigoma kuwaka, usikimbilie kusema imekufa

Jumapili usiku tuliizima vizuri, kama siku zote. Jumatatu asubuhi binti yangu akabonyeza kitufe ili amalizie maombi ya mkopo wa chuo. Taa ikawaka, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi tii. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa. Utasema angetumia simu, lakini vyeti vyake vyote vilivyoskaniwa vilikuwa humo ndani, pamoja na picha za marehemu bibi yake ambazo hatukuwa nazo mahali pengine popote.

Fundi wa kwanza hapa Geita hakuifungua hata. Aliitazama, akatikisa kichwa: "Mazabodi imeungua hii. Niachie na laki mbili, nitaifomati." Nikaibeba nikarudi nayo nyumbani.

Aliyetuokoa ni jirani, mwalimu mstaafu. Kabla ya kugusa kitu aliuliza swali moja: "Saa yake ilikuwaje siku hizi?" Binti akakumbuka kwamba kwa wiki nzima, kila asubuhi, tarehe ilikuwa inarudi miaka mingi nyuma.

Mzazi mwenzangu, ndani ya kompyuta ya mezani kuna kibetri bapa cha mviringo, kama cha saa, kimeandikwa CR2032. Kina volti 3 na bei yake haifiki kilo moja ya nyama. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mashine wakati haina umeme. Sisi wenye kuzima mpaka swichi ya ukutani kila usiku ndio tunaokimaliza haraka, maana usiku kucha mzigo wote ni wake. Kikichoka, mashine huwaka ikiwa imesahau tarehe, au hukataa kabisa.

Tulibadilisha betri. Skrini bado nyeusi! Hapo mwalimu akachomoa waya wa umeme ukutani, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, akagusa chuma cha boksi, kisha akatoa vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, RAM. Meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa vumbi. (Ndiyo, hata huko kuna dhahabu, ila ni kiduchu, msianze kuchimba.) Akayasugua taratibu kwa ufutio wa penseli wa mdogo wake binti, akapangusa, akarudisha mpaka vishikio vikalia "ta". Skrini ikawaka.

Kwa nini igome asubuhi wakati usiku ilikuwa nzima? Mashine ikifanya kazi hupata joto, ikizimwa hupoa, na vyuma hutanuka na kusinyaa. Mguso uliokwishalegea au kujaa vumbi huachia hapo. Na vumbi la kwetu mnalijua, kuanzia Juni mpaka mvua zianze, iwe Kishapu, Kahama au Katoro, malori yakipita unafuta meza mara tatu kwa siku. Boksi lisikae sakafuni. Lisafishwe kwa brashi laini, nje, likiwa limechomolewa.

Kama yenu haiwashi hata taa, tatizo ni la umeme. Jaribuni soketi nyingine na waya mwingine kabla ya kumlipa mtu. Tazameni pia nyuma ya boksi, palipo na waya wa umeme. Baadhi ya mashine, hasa za mtumba, zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Mtoto akikisogeza kwenda 115 kwa kucheza, pawa saplai inaungua papo hapo. Ikiungua, hubadilishwa yote. Msiifungue wenyewe, kwani huhifadhi umeme wa hatari hata ikiwa imechomolewa. Umeme ukikatika, chomoeni, msubiri urudi na utulie. Na radi za Kanda ya Ziwa hazina mswalie Mtume. Wingu likifunga, kuzima swichi hakutoshi, chomoeni plagi.

Kuna hali nyingine: mashine inawaka lakini inaandika kwamba haioni diski. Hapo acheni kuiwasha mara kwa mara, pelekeni kwa fundi anayejua kuokoa mafaili. Mwambieni mapema, mbele ya shahidi ikibidi, kwamba asifomati. Mazabodi au pawa saplai vikifa, mara nyingi diski huwa nzima, na mafaili yake huweza kunakiliwa kupitia kompyuta nyingine. Hilo fundi wangu wa kwanza hakunieleza.

Binti alituma maombi Jumatano saa nne usiku. Hatukuizima kompyuta mpaka picha za bibi zilipokwisha kunakiliwa kwenye flashi mbili. Moja iko kabatini, nyingine iko kwa shangazi yake Kahama.