Coastal Union ya 2023/24: nafasi ya nne ilipatikana vipi, na kwa nini nyota hawakai Tanga

Ligi Kuu ya NBC msimu wa 2023/24 ilipofungwa mwishoni mwa Mei 2024, msimamo ulisomeka hivi: Yanga pointi 80, Azam 69, Simba 69, Coastal Union 43. Ukiusoma haraka unaona timu ya Tanga imekuwa ya nne kati ya timu 16, na unafurahi. Ukirudi kuusoma taratibu unaona jambo jingine. Kati ya bingwa na timu ya tatu kuna pointi 11. Kati ya timu ya tatu na ya nne kuna pointi 26.

Yaani ni kama ligi mbili zimefungwa kwenye kanga moja. Juu wako watatu wenye fedha, wanaogombea kombe. Chini yao wako wengine 13, na huko Coastal ndiyo iliyoongoza. Wasikilizaji wetu wa Horohoro, Duga na Mkinga wametuuliza mara nyingi: hiyo nafasi ya nne ina faida gani, na kwa nini kila mchezaji anayeng'ara Mkwakwani tunamwona msimu unaofuata na jezi nyingine? Maswali haya mawili jibu lake linakaribiana.

Tulikotoka

Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Wazee waliokuwa wakipanda basi kwenda mjini kuwaona, enzi hizo barabara ya Horohoro ikiwa vumbi tupu, bado wanausimulia msimu ule kama ulikwisha wiki iliyopita. Mmoja wa wachezaji wa kikosi kile ni Juma Mgunda, ambaye baadaye alirudi kuwa kocha wa klabu hiyo hiyo.

Kisha kuna mwaka ambao hakuna anayependa kuusimulia. Msimu wa 2015/16 mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zilishuka daraja kwa pamoja. Mkoa mzima ukabaki bila timu ya Ligi Kuu, na mashabiki wakabaki kuzitazama Simba na Yanga kwenye vibanda umiza. Coastal ilirejea kwa msimu wa 2018/19. Kwa hiyo nafasi ya nne ya 2024 ilikuja miaka minane tu baada ya Tanga kufutika kwenye ramani ya ligi.

Msimu wenyewe

Haukuanza vizuri. Coastal ilianza chini ya Mwinyi Zahera, Mkongomani aliyewahi kuifundisha Yanga. Mwezi Septemba 2023 ilikwenda Dar es Salaam ikafungwa na Simba 3-0, mabao yote matatu yakiwa ya mtu mmoja, Jean Baleke. Zahera akaondoka, na mwezi Novemba akaingia David Ouma. Huyu anatoka upande wa pili wa mpaka wetu: ni Mkenya, na aliwahi kuinoa timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, Harambee Starlets.

Ouma hakuja na maajabu ya kushambulia. Aliijenga timu kuanzia nyuma. Angalia matokeo dhidi ya Yanga, ambayo msimu ule ilikuwa ikizimwagia timu nyingine mabao matano-matano. Coastal ilifungwa nayo mara zote mbili, lakini kila mara kwa bao 1-0. Timu inayofungwa bao moja na bingwa haichekwi, na ikikutana na wa saizi yake inaondoka na pointi.

Nguzo ya ukuta huo ilikuwa kipa, Ley Matampi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Hakuwa kijana wa kujaribiwa. Mwaka 2016 alikuwa langoni Congo ilipotwaa ubingwa wa CHAN kule Rwanda, na mwaka uliofuata alidaka kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Gabon. Alipofika Tanga wapo walioona ni mzee anayetafuta pa kupumzikia. Alimaliza msimu akiwa na mechi 15 bila kuruhusu bao, moja zaidi ya Djigui Diarra wa Yanga, na akapewa tuzo ya kipa bora wa ligi. Mechi 15 kati ya 30 ni nusu ya msimu mzima. Kipa wa timu kubwa anaweza kukaa dakika 70 bila kuguswa na mpira, lakini wa Coastal hapati raha hiyo. Ndiyo maana kwa maoni yetu tuzo ile ilikwenda panapostahili.

Mbele yake alikuwepo beki wa kati kijana, Lameck Lawi. Kule mbele Maabad Maulid na wenzake walifunga walichoweza, ambacho hakikuwa kingi. Mtu aliyekwenda Mkwakwani kutafuta mvua ya mabao msimu ule alirudi nyumbani na kiu yake.

Nafasi ya nne inaipelekaje timu Afrika?

CAF huzipanga nchi kwa matokeo ya klabu zake katika misimu iliyopita. Nchi 12 za juu hupewa nafasi nne badala ya mbili: klabu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho. Tanzania imeingia kwenye kundi hilo hasa kwa jasho la Simba, iliyokuwa ikifika robo fainali mara kwa mara, na la Yanga, iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023.

Nafasi mbili za kwanza huenda kwa bingwa na wa pili. Ya tatu huenda kwa mshindi wa tatu wa ligi. Ya nne ni ya bingwa wa Kombe la Shirikisho la nyumbani, lile la TFF. Ikiwa bingwa huyo tayari yumo kwenye tatu bora, nafasi inashuka kwa mshindi wa nne wa ligi. Juni 2024 fainali ya kombe hilo ilichezwa Zanzibar kati ya Yanga na Azam, na Yanga ikashinda kwa penalti. Wote wawili walikuwa na tiketi tayari, kwa hiyo mlango ukafunguka kwa Coastal. Shabiki wa Coastal anayewachukia Simba na Yanga ajue, basi, kwamba safari yake ya Afrika walimchangia nauli.

Coastal ilikuwa haijacheza Afrika tangu ilipotoka kwenye ubingwa wa 1988. Mwezi Agosti 2024 ilipangiwa Bravos do Maquis ya Angola. Kule Luanda ikafungwa 3-0. Marudiano hayakuchezwa Mkwakwani bali Dar es Salaam, kwa sababu mechi za CAF huchezwa kwenye viwanja ambavyo shirikisho hilo limevikagua na kuvikubali. Matokeo yakawa 0-0. Siku chache kabla ya safari ya Angola, kwenye Ngao ya Jamii, Azam ilikuwa imewapiga 5-2. Agosti haikuisha, Ouma naye akaachana na klabu. Ukuta uliojengwa kwa miezi saba ulivunjika ndani ya wiki tatu.

Si Coastal peke yake iliyopatwa na hayo. Geita Gold ilishika nafasi ya nne msimu wa 2021/22, ikaenda Afrika, ikatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Miaka miwili baadaye, katika msimu huo huo ambao Coastal ilikuwa ya nne, Geita Gold ilishuka daraja. Nafasi ya nne inaongeza safari na mechi, na inawaweka wachezaji wako dirishani ambako kila mnunuzi anawaona. Mfuko wa klabu unabaki ule ule.

Wanaoondoka

Mwaka 2020 mabeki wawili wa kati wa Coastal waliondoka katika dirisha moja la usajili: Bakari Mwamnyeto, tunayemwita Nondo, akaenda Yanga, ambako baadaye alivaa kitambaa cha unahodha, Ibrahim Ame akaenda Simba. Jaribu kujenga nyumba huku jirani anachomoa nguzo mbili kwa mpigo.

Mwaka 2022 likaja lile la Arusha. Coastal, ikiwa na Mgunda, iliitoa Azam kwa penalti kwenye nusu fainali ya kombe la TFF, kisha Julai 2 ikakutana na Yanga fainali katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Abdul Suleiman, maarufu Sopu, alifunga mabao yote matatu ya Coastal. Mechi ikaisha 3-3 baada ya dakika 120, na Yanga ikashinda kwa penalti 4-1. Wachezaji wangapi Watanzania wamewahi kuifunga Yanga mabao matatu kwenye fainali? Haikupita muda Sopu akasajiliwa na Azam. Septemba ya mwaka huo huo Mgunda naye akaitwa Simba.

Mwaka 2024 zamu ikawa ya Lawi. Simba ilimtangaza kuwa mchezaji wake, Coastal ikajibu kwamba malipo hayakufanyika kwa wakati uliokubaliwa, na shauri likafika kwenye kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Lawi alibaki Coastal msimu uliofuata. Kwa msikilizaji wa kawaida sakata lile lilikuwa kelele za mitandaoni, lakini ndani yake mlikuwa na somo la mkataba. Mchezaji mwenye mkataba mrefu ni mali: anayemtaka lazima alipe ada na afuate tarehe. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa na kanuni za FIFA kusaini na klabu nyingine, na siku mkataba ukiisha anaondoka bila ada ya uhamisho. Ubishi wa Coastal ulikuwa na nguvu kwa sababu mkataba wa Lawi ulikuwa hai.

Jirani wa mbali kule Norway

Kuna klabu moja ya Norway inaitwa Bodø/Glimt. Mji wake una watu wapatao 50,000, na uko kaskazini kabisa. Ligi yao ina timu 16 na mechi 30, sawasawa na yetu. Mwaka 2016, mwaka ule ule wa msiba wa Tanga, Bodø/Glimt ilishuka daraja, na mwaka 2018 ikawa imerudi.

Mwaka 2020 ikatwaa ubingwa wa kwanza katika historia yake: ilishinda mechi 26, ikapoteza moja, ikafunga mabao 103. Nyota wake wakanunuliwa. Jens Petter Hauge alikwenda AC Milan, Kasper Junker akaenda Japani, Philip Zinckernagel Uingereza. Kama ingekuwa Tanga tungesema msimu umekwisha hapo. Mwaka 2021 wakatwaa ubingwa tena, na mwaka huo huo wakaifunga Roma ya Italia mabao 6-1. Kocha, Kjetil Knutsen, alikuwa yule yule. Wachezaji waliondoka, lakini namna ya kucheza ilibaki pale pale, na fedha ya mauzo ikanunua wengine. Ulaya kuna fedha nyingi kuliko huku, hilo halina ubishi. Lakini kukaa na kocha kwa miaka mingi si jambo la fedha peke yake.

Je, timu ya kijijini inapata chochote?

Swali hili lililetwa na mwalimu wa timu ya vijana kutoka tarafa ya Maramba. Jibu ni ndiyo, kwa masharti.

Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka wa miaka 12 hadi 23. Tuseme kijana wa Mkinga ananunuliwa kutoka Tanzania kwenda nje kwa shilingi bilioni 1. Milioni 50 zinawekwa kando. Kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 unalipwa milioni 2.5, na kila mwaka kati ya 16 na 23 unalipwa milioni 5. Klabu iliyokaa naye miaka minne, tangu mwaka wa 14 hadi wa 17, inastahili milioni 15. Hizo ni jezi, mipira na nauli za misimu kadhaa.

Sharti kubwa ni karatasi. Timu iwe klabu iliyosajiliwa kupitia chama cha soka cha wilaya na mkoa, na kijana awe amesajiliwa kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Anayepunguziwa umri ili acheze mashindano ya vijana anaharibiwa kumbukumbu hizo hizo zinazodaiwa fedha. Na ikiwa ameondoka mkataba ukiwa umekwisha, hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri.

Kwa sisi wa mpakani kuna kifungu kingine, kilichoanza kutumika mwaka 2020. Mchezaji akiuzwa kati ya klabu mbili za nchi moja, klabu ya nchi nyingine iliyomlea nayo ina haki ya mgawo huo. Kijana aliyekulia kwenye klabu iliyosajiliwa Lunga Lunga, akavuka Horohoro kuja Coastal, kisha Coastal ikamuuza Simba au Azam, klabu yake ya Lunga Lunga inaweza kudai. Aliyelelewa Duga akauzwa kati ya klabu mbili za Kenya, vivyo hivyo upande wetu. Lakini akilelewa Duga na kuuzwa kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, kanuni hiyo ya FIFA haimgusi, na klabu ya Duga inategemea kanuni za ndani na makubaliano iliyoandikiana na Coastal siku ilipomruhusu kijana aondoke.