Je, Wajua? Kwale Aliyeonekana Kwanza Sufuriani

Je, wajua kwamba ndege mmoja wa Iringa alianza safari yake ya kuingia vitabuni akiwa ndani ya sufuria? Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima ya Udzungwa. Kwenye kitoweo wakaona miguu ya ndege wasiyemjua. Baadaye wakamkuta akiwa hai, akiparura majani makavu katika msitu wa Ndundulu. Mwaka 1994 akapewa jina la kisayansi, Xenoperdix udzungwensis, yaani kwale mgeni wa Udzungwa. Ndugu zake wengi hawako Afrika: wako Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Mgeni kwa nani? Aliyemtega na aliyempika walikwisha kumjua. Hata kipunji, yule kima wa Rungwe aliyetangazwa duniani mwaka 2005, wawindaji walikuwa wakimtaja kwa jina kabla mtafiti hajamwona. Ndiyo maana naamini orodha ya viumbe wetu huanzia kwa mtu wa kijijini, na jina lake lingestahili kuandikwa pia.

Waliobahatika kuandikwa ni wengine. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikusanya ndege katika nyanda hizi za juu za kusini mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo wapo ndege wa huku wanaoitwa kwa jina lake.

Je, wajua kwamba hondohondo mwenye mdomo mwekundu wa Ruaha alitambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2002 tu? Mtazame machoni: ngozi inayoyazunguka ni nyeusi.

Neil na Liz Baker, waliofanya Iringa kuwa makazi yao, wametumia miongo kadhaa kukusanya kumbukumbu za Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Kila kumbukumbu ni fupi: ndege gani, wapi, tarehe gani. Hata kunguru na shorewanda huandikwa, kwa sababu ndege wa kawaida akianza kupungua, ni daftari la zamani litakaloonyesha alikuwepo.

Nami ningependa kuona madaftari hayo yakijazwa zaidi na wanafunzi wa Makete na Kilolo, hasa kwa ajili ya mbayuwayu wa buluu. Huyu hufika kwenye nyasi za Kitulo, huko Makete, mvua zinapokaribia, akazaa, kisha akaelekea kaskazini hadi Uganda na magharibi mwa Kenya. Hajengi juu ya mti wala chini ya paa. Hushuka ardhini na kubandika kiota cha udongo kwenye ukuta wa shimo, mara nyingi lile lililochimbwa na mhanga. Mahali penye nyasi pakilimwa viazi au pakipandwa misindano, shimo hufukiwa. Anaporudi mwaka unaofuata, hana pa kutagia.